Kuku wangapi, mayai mangapi: kutoka Durban hadi Vientiane

"Bhuti, vala!"

Dereva aliniambia hivyo nilipopanda kombi pale Warwick, Durban, nikiwa mtu wa mwisho kuingia. Nikajitazama. Shati lina vifungo vyote, suruali ipo, viatu vipo. Nivae nini tena? Akarudia, sasa kwa sauti ya mtu anayecheleweshwa: "Vala umnyango!" Mama mmoja wa makamo akanyoosha mkono akauvuta mlango, ukajibamiza. Kumbe vala kwa Kizulu ni funga.

Nilikwenda Durban kwenye harusi ya mpwa wangu, na wiki iliyofuata nilitakiwa niwe Vientiane, mji mkuu wa Laos, kwa mafunzo ya siku kumi. Nilishajipigia hesabu: Kizulu nitakiokota njiani, maana ni Kibantu kama changu. Wa kumwogopa ni Kilao.

Na kweli mwanzoni Kizulu kilinibembeleza. Inyama ni nyama, imbuzi ni mbuzi, amanzi ni maji, indlovu ni ndovu. Nyumbani ni endlini, na hiyo -ni ya mwisho ndiyo yetu ileile. Hata mji wenyewe Wazulu wanauita eThekwini, yaani penye ghuba. "Sili nyama" ni "Angidli inyama". Ukilifumua neno ngiyakuthanda unakuta ngi- ni mimi, -ku- ni wewe, na thanda ni penda: nakupenda, mshono kwa mshono. Nikavimba kichwa. Jioni moja, mbele ya wakwe, nikajigamba kwamba napika: "Ngiyaphika!" Wakatazamana. Kupika ni ukupheka; ukuphika ni kukanusha. Shangazi wa bwana harusi akaniuliza, kwa upole kabisa, nakanusha nini.

Halafu kuna ile milio ya ulimi, ambayo Kizulu kilirithi kwa jirani zake wa Kikhoisan. Mlio wanaouandika c ni msonyo mtupu, ule ambao nyumbani ukimtolea mama yako utaona cha mtema kuni. Sasa unadhani upo kwenye neno gani? Ngicela. Naomba. Siku mbili nzima nilishindwa kuomba kitu kwa adabu, kwa sababu mdomo wangu ulikataa kusonya mbele ya watu wazima. Mlio wa x, wa pembeni mwa ulimi, unafanana na ule wa kumhimiza punda. Wa q ni kama kizibo cha chupa kinapochomoka, nao umo ndani ya yai: iqanda. Niliupata sokoni, baada ya kulirudia neno mpaka muuza mayai akawaita wenzake waje wasikilize. Alipotosheka na kucheka akauliza: "Amangaki?" Mangapi. Nikajibu amathathu. Matatu. Hapo nilijiona niko kwetu.

Kutoka Bangkok nilipanda treni ya usiku hadi Nong Khai. Kilao kilianza kabla sijafika Laos: wenyeji wa Isan, kaskazini mashariki mwa Thailand, lugha yao ni Kilao, na kwa idadi wanawazidi Walao wenyewe walioko Laos. Asubuhi nikavuka Mekong kwa basi, juu ya daraja lililofunguliwa 1994. Thailand magari yanapita kushoto kama kwetu, Laos yanapita kulia, kwa hiyo hapo mpakani yanabadilishana upande. Nikaona ndiyo hali yangu mimi na lugha.

Maana kitenzi cha Kilao hakivai kitu. Kin ni kula: jana kin, kesho kin, mimi kin, wao kin. Ukimaliza unaongeza laew, "kwisha", nyuma yake. Basi. Hakuna ngi-, hakuna -ku-, hakuna cha kufumua. Kazi yote imehamia kooni. Kilao cha Vientiane kina toni tano au sita, inategemea nani anahesabu, na ma inaweza kuwa njoo, mbwa au farasi. Kizulu nacho kina toni (umfundisi anaweza kuwa mwalimu au mchungaji, inategemea unavyolipandisha neno), ila hakiziandiki. Kilao kinaziandika, kwa alama juu ya herufi na kwa aina ya herufi yenyewe, kisha kinayaunganisha maneno ya sentensi nzima bila nafasi. Kwa jicho la mgeni, ngiyakuthanda na sentensi ya Kilao ni mnyororo mmoja.

Siku ya tatu nikaenda sokoni, nikamwambia muuzaji: "Euay, khai sam." Dada, mayai matatu. Ndivyo nilivyodhani. Akainama chini ya meza akaibuka na kuku hai, amemshika miguu, kisha akauliza: "Chak to?"

To ni mwili wa mnyama. Mayai, matunda na vitu vya mviringo huhesabiwa kwa nuai. Ameniuliza kuku wangapi! Nikaropoka "nuai, nuai! Sam nuai!" Kuku akarudi chini, mayai yakaja.

Kosa langu lilikuwa pumzi. Kuku ni kai, yai ni khai, na toni yake ni moja. Tofauti ni ule mpumuo baada ya k. Nikamkumbuka bibi yangu, mzaliwa wa Mombasa, alivyokuwa akitukaripia kwamba hatujui kusema kaa. Yeye kaa wa baharini alimtoa na pumzi, kaa la moto bila pumzi. Sisi wa bara tuliipoteza pumzi zamani, lakini hatupotezani, kwa sababu mmoja ni *wa* na mwingine ni *la*. Ngeli inatuokoa. Nami nilikuwa nimetoka kuokolewa na ngeli, Vientiane, kwenye lugha niliyoambiwa haina ngeli.

Tangu hapo nikaziona kila mahali, zimekaa peke yake tu, hazijashikana na neno. Kila tunda linaanza na mak: mak muang embe, mak kuay ndizi, mak hung papai. Ukitaka mti, unatanguliza ton. Embe na mwembe.

Yule dada aliponifungia mayai aliuliza kwetu yanaitwaje. Nikamwambia: mayai. Akalijaribu mara mbili, taratibu, kisha akaangua kicheko na kumwita jirani yake. Nyai kwa Kilao ni kubwa. Akanionyesha kwa kidole chini ya meza, ambako karibu na kapu la kuku alikuwa amelala mbwa mweusi, mnene kama ndama.

"Ma nyai," akasema. "Chak to?"