Dexter Avenue, Montgomery: kutoka kanisani mpaka ngazi za serikali ni hatua chache

Jumamosi asubuhi mimi na binamu yangu tukawasha gari kutoka Atlanta kwenda Montgomery, Alabama. Njiani makanisa unahesabu mpaka unachoka, na mabango yanakuuliza ukifa leo utaenda wapi, hapo hapo pembeni kuna tangazo la wakili.

Mi nilitaka kuuona mtaa mmoja tu, Dexter Avenue. Kule juu kuna jengo la serikali ya jimbo, jeupe, na kwenye ngazi wameweka nyota ya shaba pale aliposimama Jefferson Davis akaapishwa 1861 kuwa rais wa majimbo yaliyojitenga ili utumwa usiguswe. Ukishuka kidogo tu unakutana na kanisa la matofali mekundu, ndo kanisa la Martin Luther King kuanzia 1954, na humo chini walikutana kupanga ule mgomo wa watu weusi kususia mabasi yaliyowabagua, watu wakatembea kwa miguu siku 381 jamani, na kazini wanafika.

Sasa kilichoniuma ni hiki. Hao wa Davis ndo walimtaja Mungu Mwenyezi kwenye utangulizi wa katiba yao, utangulizi wa katiba ya Marekani ya 1787 haumtaji kabisa. Maneno "chini ya Mungu" yaliingia kwenye kiapo cha bendera 1954, na kwenye noti za dola "Tunamtumaini Mungu" ilianza 1957, enzi wanashindana na wakomunisti. Kwa hiyo mwanasiasa akisema taifa hili lilikuwa la Kikristo toka mwanzo mi huwa sikubali, maana Biblia hiyo hiyo ilishikwa na mwenye mtumwa na ikashikwa na mtumwa.

Mji huu bado wanavutana. 2001 jaji mkuu wa jimbo, Roy Moore, aliweka jiwe la Amri Kumi ndani ya mahakama, zaidi ya kilo 2,000, mahakama ya shirikisho ikaamuru litoke, akagoma, akavuliwa ujaji 2003. 2012 wapiga kura wakamrudisha!

Mama mmoja mtu mzima ndo alitutembeza kanisani. Binamu yangu ni mlokole haswa, akamuuliza, mama, mliwezaje kusali Mungu mmoja na wale wa kule juu? Akasema sisi tulikuwa tunasoma kitabu cha Kutoka, Musa na Farao, wao hawakupenda kuhubiri hapo.

Tukapanda tena mpaka kwenye ngazi, pale pale maandamano ya kudai haki ya watu weusi kupiga kura, yaliyotoka mji wa Selma, yalipofikia tarehe 25 Machi 1965, binamu akavua kofia, akasali kimoyomoyo muda mrefu, mi nikamsubiri.