Majuto Alipobandikwa Dawa Laini

Somo la wiki: Yeremia 6:14. "Wameiponya jeraha ya watu wangu kwa juu-juu tu, wakisema, Amani, amani, wala hapana amani."

Wapendwa, safari hii tunamsoma Yeremia tukiwa na shairi la Kiingereza cha Kati pembeni: Piers Plowman la William Langland, la nusu ya pili ya karne ya 14. Piers ni Petro, na Plowman ni mlimaji wa plau. Limetufikia kwa nakala za mkono zaidi ya 50. Toleo lake la pili lina utangulizi na sehemu 20, kila moja ikiitwa kwa neno la Kilatini lenye maana ya hatua. Tutakaa kwenye hatua mbili za mwisho, maana ndiko jeraha la Yeremia linakoonekana waziwazi.

Kwanza sikio. Mistari ya Langland haina vina vya mwisho kama tenzi zetu. Kila mstari una vipande viwili, na kila kipande kina mapigo mawili ya mkazo. Pigo la kwanza, la pili na la tatu huanza kwa sauti moja. La nne huachwa huru. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: "Mkulima alilima, akalala jioni." Mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunasikia li, li, la, kisha o peke yake. Mwenye haraka atadhani upatanisho wa ngeli unatosha, aandike "Kitabu kizuri kikapotea" na kuridhika na ki zake tatu. Hapo mikazo ni ta, zu na te: t mbili tu, na z ya katikati inavunja mfungo. Sauti huhesabiwa penye mkazo, si penye kiambishi. Irabu zote, kwa kanuni hiyo, huchukuliwa kuwa sauti moja. Na Langland mwenyewe hakuwa mtumwa wa kanuni: mstari wake wa kwanza, In a somer seson, whan softe was the sonne, una s kwenye mapigo yote manne.

Sasa istiara. Katika hatua ya 19, Neema anampa Petro vifaa vya kulimia. Maksai wanne ni Luka, Marko, Mathayo na Yohana. Nyuma yao wanakuja farasi wanne, walimu wa Kanisa Augustino, Ambrosi, Gregori na Yeronimo, wakivuta haro mbili (vifaa vya kusawazisha udongo), Agano la Kale na Agano Jipya. Mbegu ni nne: busara, kiasi, nguvu na haki. Mavuno yanahitaji ghala, basi Neema anatoa msalaba na taji la miiba. Ubatizo na damu ya Kristo vinakorogwa kuwa udongo wa kujengea uitwao Rehema, na Maandiko yanakuwa paa. Ghala linaitwa Umoja, yaani Kanisa. Mkokoteni wa kuleta miganda unaitwa Ukristo, na wanaouvuta ni farasi wawili tu: Majuto na Maungamo.

Wengi hukwama hapa kwa kuandika orodha, hiki ni kile, kile ni hiki, kisha wakafunga kitabu. Orodha haikosei, ila haifanyi kazi. Afadhali kuuliza kila kitu kinafanya kazi gani, na kikisimama nini kinalala shambani. Haro haipandi, hulainisha madongoa na kufunika mbegu. Ndiyo maana walimu wa Kanisa wanapita baada ya Injili, hawatangulii. Na mkokoteni wa farasi wawili, mmoja akilala, hauendi kokote hata kama mwenzake ana nguvu.

Hatua ya 20 inamleta Majuto tena, ila sasa ni mtu, ndugu wa Dhamiri. (Istiara ya Langland hubadili mavazi bila kuomba ruhusa, anayetaka kila mhusika abaki na umbo moja atachoka mapema.) Mpinga Kristo ameuzingira Umoja, Unafiki amejeruhi wengi langoni, na padre wa parokia anatibu kwa dawa kali ya kubandika, inayouma kutoka Kwaresima hadi Kwaresima. Wagonjwa wanalalamika. Wanataka tabibu mwenye mkono mwepesi, naye yupo: mtawa ombaomba aitwaye Mrairai, yaani mbembelezaji. Bawabu Amani anamzuia, kwa kuwa anaijua aina yake. Anayeshauri lango lifunguliwe ni Kauli Njema, na Dhamiri mwenyewe anampokea mgeni na kumwonyesha mgonjwa.

Mrairai anabandika dawa laini, anaahidi sala, anachukua fedha kidogo. Majuto anasahau kulia. Hakufa, hakukana imani; amelala tu, anaota. Uvivu na Kiburi wanaposhambulia tena, Dhamiri anamwita Majuto aje kulinda lango, na Amani anajibu kwamba watu wamebandikwa kwa ulaini mno hata hawaogopi dhambi. Tazama ni nani anayetoa taarifa hiyo: Amani, jina lilelile ambalo waganga wa Yeremia walilitumia kufunika kidonda. Kwa Langland, amani ya kweli ndiyo inayosema kidonda hakijapona.

Dhamiri anachukua uamuzi wa kuwa msafiri wa hija, atembee hadi dunia inapokomea akimtafuta Petro mlimaji. Shairi linaishia hapo, lango likiwa bado limezingirwa. Mstari wa mwisho unasema alipaza sauti kumwita Neema mpaka mwotaji, yaani msimulizi anayeyaona haya yote ndotoni, akaanza kuamka: And sith he gradde after Grace, til I gan awake. Hesabu mapigo: kupaza sauti, Neema, kuanza, yote kwa g. La nne, lile lililoachwa huru, ni kuamka.