Kukusanya sumu ya nyuki Lubumbashi: kumbukumbu ya mradi wangu

Machi

Fremu ya kukusanyia sumu imekamilika. Ni fremu ya mbao iliyofungwa nyaya nyembamba zisizoshika kutu, zinazoachana kwa milimita chache tu, na chini yake kimelazwa kioo cha dirisha. Nyaya hizo zimeunganishwa kwa kupokezana na ncha mbili za betri ya volti 12 ninayoichaji kwa sola, zikipitia kifaa kidogo alichonitengenezea fundi redio wa mtaa wa Katuba, kinachotoa umeme kwa sekunde chache kisha kikapumzika. Nyuki anapokanyaga nyaya mbili kwa pamoja hupata mshtuko mdogo na kudunga kilicho chini yake. Mwiba unaonasa katika ngozi ya binadamu, na hivyo kumuua nyuki mwenyewe, haunasi kwenye kioo. Nyuki huacha tone la sumu na kuruka akiwa mzima. Nisingeanza kazi hii kama ingedai kuua nyuki.

Mei

Asali ya mwisho wa masika imekwisha kuvunwa, mvua zimekatika na hewa ni kavu, kwa hiyo nimeanza kukusanya. Mizinga yangu iko upande wa mji wa Kipushi, katika kipande cha miombo ambacho wachoma makaa hawajakifikia. Nyuki wetu ni ndugu wa wale waliopelekwa Brazil kutoka Afrika mwaka 1956, ambao uzao wao ulienea sehemu kubwa ya Amerika Kusini na ya Kati hadi kuingia Marekani mwaka 1990, na mtu yeyote aliyewahi kufukuzwa nao anajua kwamba hawasahau haraka. Pamoja na sumu, nyuki anayedunga hutoa kemikali iitwayo isopentili asetati, yenye harufu ya ndizi mbivu, inayowaita wenzake waje kushambulia mahali hapohapo. Kwenye kioo harufu hiyo ina faida, kwa kuwa aliyedunga wa kwanza huwavuta wengi. Hatari ni kwamba haiishii kwenye mzinga mmoja. Kwa sababu hiyo mzinga unaofanyiwa kazi nauweka mbali na mingine, majirani wa shamba wanaarifiwa mapema, mbuzi wanahamishwa, na fremu naiweka mlangoni mwa mzinga jua linapokaribia kuzama, kwa muda wa nusu saa hivi. Kioo nakiondoa usiku, baridi ikishawarudisha ndani.

Nyumbani nakiinamisha kioo mbele ya taa. Matone yameshakauka na kuwa madoa meupe yenye mng'ao, mengine yamevutwa kama mkia pale nyuki alipoteleza, na wembe ukipita juu yake hukwangua unga mwepesi unaopeperuka kwa pumzi tu. Kazi hii haifanywi bila barakoa na miwani, kwa maana unga huo huchoma macho, pua na koo. Karibu asilimia 88 ya sumu mbichi ni maji, na inakadiriwa kwamba gramu moja ya unga mkavu hutokana na midungo ipatayo 10,000. Nilichopata kimefunika kitako tu cha kichupa cheusi, nacho kinakaa kwenye friza, mbali na mwanga na unyevu.

Julai

Habari za kichupa hicho zimeenea mtaani, na maswali yamekuwa mengi kuliko unga wenyewe. Mama mmoja jirani alikuja na goti lililovimba akaniambia, "Baba, niletee nyuki wawili tu uniweke hapa." Nilimkatalia kwa heshima, na sababu nilizompa naziandika hapa kwa kirefu.

Nusu hivi ya uzito wa unga huu ni melitini, peptidi (protini fupi) inayotoboa utando wa seli. Ndiyo inayoleta maumivu. Kuna pia kimeng'enya kiitwacho fosfolipasi A2, ambacho ndiyo hasa huwaletea watu mzio, na apamini inayogusa mishipa ya fahamu. Imani kwamba midungo hutibu baridi yabisi ni ya zamani: daktari Philipp Terč wa Maribor aliandika juu yake mwaka 1888. Lakini wagonjwa wa sklerosisi ya neva (multiple sclerosis, ugonjwa wa ubongo na uti wa mgongo) walipofanyiwa jaribio la kitabibu Uholanzi, lililochapishwa mwaka 2005, midungo haikuwapa nafuu iliyopimika. Utafiti wa Perth, Australia, wa mwaka 2020 ulionyesha kwamba melitini huua seli za saratani ya matiti katika maabara, jambo linalonipa matumaini ya kweli, ila maabara si mwili wa mgonjwa.

Faida iliyothibitishwa vizuri ni kwa watu wenye mzio wa nyuki. Daktari huwachoma kiasi kidogo mno cha sumu iliyosafishwa, akikiongeza polepole hadi mikrogramu 100, sawa na midungo miwili hivi, kisha tiba huendelea kwa miaka 3 hadi 5. Tiba hiyo hufanyika penye adrenalini, dawa ya dharura ya mzio mkali, na watu wanaojua kuitumia. Sebuleni kwangu havipo, na mtu anaweza kupata mzio mkali hata kama alishadungwa mara nyingi bila shida. Hispania mwanamke aliyekuwa akitibiwa kwa midungo alifariki, na kisa chake kikachapishwa mwaka 2018. Mama alisikiliza, akauliza kama anaweza angalau kupata asali. Asali nilimpa, nikamsindikiza hadi kituo cha afya.

Septemba

Nimesimamisha ukusanyaji. Miombo inachipua, maua yako karibu, na nyuki wanaosumbuliwa wakati huu hupunguza kuleta nekta. Kila mzinga ulipumzika majuma mawili au zaidi kati ya zamu na zamu, na makundi yote yanaingia msimu yakiwa na majana (watoto wa nyuki) ya kutosha, jambo ninalolijali kuliko uzito wa unga. Mnunuzi makini wa unga huu atataka cheti cha maabara kinachoonyesha kiwango cha melitini, kwa hiyo kabla ya Mei ijayo natafuta maabara yenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha na kupima viambato, itakayokubali sampuli ndogo. Fundi naye anarekebisha kifaa ili muda wa mapumziko kati ya mishtuko uweze kurefushwa.