Hesabu ya kopo moja la unga

Mvaa kanzu anaweza kukonda miezi mitatu na asijulikane. Mimi nilisalitiwa na saa ya mkononi. Nilikuwa nimekaa barazani kwetu Ngamiani, Tanga, nikainua mkono kumwitikia kijana niliyemfundisha zamani, saa ikaporomoka mpaka karibu na kiwiko. Mke wangu aliiona. Pale hakusema neno, ila usiku alimpigia simu binti yetu aliye Dar es Salaam, nami chumba cha pili nikawa nasikia "baba yenu, baba yenu" kama natangazwa msibani.

Nina miaka 73, mwalimu mstaafu wa hisabati. Masika iliyopita nimonia ilinilaza siku sita. Homa iliondoka, lakini hamu ya kula ikaondoka nayo. Wali na samaki unaletwa, namega matonge manne, nasukuma sahani. Nikiulizwa, nimeshiba. Kushiba kwenyewe kulikuwa na siri yake, nitaisema mbele.

Siku mbili baada ya simu ile, basi likaleta boksi la viatu. Ndani mna kopo la gramu 400 la unga wa lishe ya wazee, harufu ya vanila, na picha ya bibi na babu wanaocheka meno yote yakiwa mahali pake. Mjukuu wangu wa darasa la pili alilizungusha kopo mkononi kisha akauliza, "Babu, na wewe siku hizi unakunywa maziwa ya watoto?" Nikamwambia akalete glasi.

Sasa, huo unga una kanuni, nami niliyekuwa nawachapa watoto kwa kuruka hatua nikaziruka zote. Maelezo yalisema maji ya uvuguvugu mililita 195, halafu vijiko sita vilivyosawazishwa vya kile kijiko cha ndani ya kopo, unaongeza kidogo kidogo huku unakoroga. Sisi tulitia unga kwanza, tukamimina maji ya chupa ya chai yanayotoa moshi. Yakatoka madonge kama ugali uliomshinda mpishi, juu maji matupu. Nikayanywa hivyo hivyo kwa sababu ya bei. Kesho yake nikaona kama vijiko sita vinaleta nguvu, vinane vitaleta zaidi. Tumbo likanguruma tangu adhuhuri, na baada ya alasiri sikuwa na safari nyingine ila ya chooni. Kinywaji kikiwa kizito kupita kipimo, tumbo huvuta maji mengi kukizimua, na matokeo yake ndiyo hayo. Kumbe kipimo kile hakikuandikwa kwa ubahili.

Kosa kubwa kuliko hayo lilichukua wiki mbili kuonekana. Nilikuwa nakunywa glasi yangu saa moja asubuhi, nikiona nimeshastaftahi, basi chapati na chai sigusi. Saa saba mchana bado najihisi nimejaa. Kwa maneno mengine, niliondoa chakula nikaweka glasi mahali pake, na nikamwandikia binti kwamba dawa inafanya kazi.

Mizani ya kliniki haikukubaliana nami. Kilo 57. Kadi yangu ya mwaka uliotangulia ilisema 64. Mtaalamu wa lishe, binti mdogo ambaye ningeweza kumzaa, aliniamkia shikamoo kwanza, kisha akaniuliza, "Mwalimu, saba katika sitini na nne ni asilimia ngapi?" Nikajibu, kumi na moja kasoro kidogo. Akasema mzee akipoteza hata asilimia tano ndani ya nusu mwaka bila kukusudia, hilo ni jambo la kufuatiliwa, na mimi nimeshapita kumi. Wakanipima sukari, shinikizo la damu, wakaangalia kama kuna kifua kikuu. Vyote salama. Halafu akasema, "Sasa naomba nione mdomo."

Hapo ndipo siri ilipotoka. Nina meno ya bandia ya juu, na tangu nilipougua yalikuwa yanacheza. Mtu akikonda na fizi nazo hubadilika, meno yaliyomkaa vizuri yanaanza kusugua. Nilikuwa na kidonda upande wa kushoto, kila tonge lilikuwa linakigusa. Sikumwambia mtu. Mke wangu aliyekuwa kwenye kiti cha pembeni aliniangalia kwa muda, akasema, "Mficha uchi hazai, baba," kisha akamgeukia mtaalamu kana kwamba mimi sipo.

Kwa hiyo tiba ikawa mbili. Meno yapelekwe kurekebishwa, na wakati kidonda kinapona unga uendelee, lakini kwa utaratibu mwingine. Glasi isikae mahali pa mlo. Inywewe katikati, mbali na chakula: saa nne asubuhi, au saa tatu usiku kabla ya kulala. Isibugiwe kama maji ya kiu, bali ipigwe funda funda hata nusu saa ipite. Ikishakorogwa isiachwe mezani muda mrefu kwenye joto letu la Tanga. Ikikaa sana nje ya friji, imwagwe.

Nikachagua ya usiku, maana ndiyo isiyonizuia kula. Kuhusu madonge, dawa yake ilikuwa chupa ya plastiki yenye mfuniko mpana: maji yaliyochemshwa yakapoa mpaka yamebaki uvuguvugu, unga kwa mafungu matatu, unafunga, unatikisa. Vanila ilinichosha wiki ya pili. Mke wangu akawa anatia hiliki iliyosagwa, kidogo tu kwa ncha ya kisu. Hiliki yetu inatoka Amani, huko Usambara, na tangu hapo kinywaji kikawa na harufu ya nyumbani.

Nije kwenye fedha, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanaponiuliza. Vijiko sita ni kama gramu 53. Gawa 400 kwa 53, unapata glasi saba na mabaki ya kulamba. Kopo lilinunuliwa shilingi 55,000. Kwa hiyo kila glasi ni karibu 7,900. Kwa glasi mbili kwa siku ningemaliza makopo kama tisa kwa mwezi, na pensheni yangu ingeishia humo. Kwa lebo ya kopo langu, glasi moja ina kalori 230 hivi na protini gramu tisa. Yai moja lina protini gramu sita. Kopo zima, kwa upande wa protini, ni kama mayai kumi na kitu. Nilipompigia hesabu hiyo mtaalamu wa lishe alicheka, akasema hesabu ni sahihi ila mwanafunzi amesahau swali: ungeweza kuyatafuna mayai hayo? Ungeyamaliza? Kopo limeongezwa vitamini na madini, na linapita kwenye mdomo wenye kidonda. Hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mwili wangu, kwa kilo 57, unataka angalau gramu 57 za protini kila siku, na glasi moja ya unga haifiki hata robo. Zilizobaki zitoke jikoni.

Kwa hiyo saa nne asubuhi ikawa zamu ya uji wa ulezi. Si uji ule mwepesi wa futari. Huu unapikwa kwa maziwa badala ya maji, ukikaribia kuiva unatiwa vijiko viwili vya karanga zilizosagwa, na siku nyingine yai lililopigwa, unakoroga haraka lisigande. Karanga mke wangu anazichambua moja moja kabla ya kukaanga, yenye ukungu au iliyosinyaa anaitupa, kwa kuogopa sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Kuna mtu alinishauri nitie unga wa dagaa humo humo kwenye uji. Nilijaribu mara moja. Unga wa dagaa ni mzuri, lakini mahali pake ni kwenye mchicha wa nazi.

Jirani yangu wa baraza, mwenye kisukari, alipoona nakunywa akataka kopo moja aonje. Nikamkatalia, akanuna siku mbili. Unga wangu una sukari ndani yake; zipo aina zilizotengenezwa kwa wenye kisukari, na hizo pia aulize kliniki kwanza. Vivyo hivyo mwenye figo zenye matatizo, au anayemeza vidonge vya kuzuia damu isigande, kwa kuwa nyingi ya unga hizi zina vitamini K inayopingana na baadhi ya vidonge hivyo.

Niliambiwa pia kwamba kinywaji peke yake hakirudishi misuli iliyolala, ifanyishwe kazi. Wakati ule nilikuwa naswali nimekaa kwenye kiti, kwa kuwa kuinuka kutoka sujudi kulinishinda. Zoezi langu likawa kuinuka kitini bila kushika popote, mara tano asubuhi, mara tano jioni. Wiki ya kwanza ya tano sikuiweza. Mjukuu alikuwa ananihesabia, na hakunipunguzia hata moja.

Kopo la sita tangu nibadili utaratibu lilikwisha wiki ya sita, glasi arobaini na mbili, moja kila usiku. Mizani ikasoma 59. Kilo mbili tu, nami nilitarajia muujiza. Lakini kufikia hapo meno yalikuwa yamesharekebishwa mara ya pili (mara ya kwanza yalibana mno), kidonda kimepona, na nilikuwa nakula samaki mzima mpaka kichwa. Mwezi wa nne nilipima 61. Kiti cha kuswalia nimekirudisha msikitini kwa wanaokihitaji, ingawa alfajiri za baridi bado nashika ukuta.

Binti alipiga juzi kuuliza kama atume kopo lingine. Nikamwambia hapana, fedha hiyo atume nikanunue mayai na maziwa. Mama yake akaipokonya simu mkononi mwangu akasema, atume na kopo moja likae kabatini, huyu naye akiugua tena hatasema.