Ukomo wa Nyuzi Nane

Jana kijana wetu mpya aliniuliza, kwa adabu zake zote, kwa nini hati ya kuanzishia programu ya mwangwi, ile inayochakata mwangwi wa sauti kupima samaki wa ziwani, imewekewa ukomo wa nyuzi nane, yaani kazi nane tu za kwenda sambamba, ilhali seva ina viini vya prosesa vingi kuliko hivyo. "Dada, naomba niufute huu mstari?" Nilimwambia asubiri kwanza, kisha nikashindwa kuendelea na kazi niliyokuwa nayo.

Ilikuwa mwaka 2021, majira ya masika. Seva mpya ilikuwa imefika kwa mbwembwe, nasi tuliamini kwamba data za upimaji wa dagaa na sangara, ambazo mashine ya zamani ilizichakata usiku kucha, sasa zingekamilika kabla ya chakula cha mchana. Badala yake, kila tulipoongeza nyuzi kazi ilizidi kudorora. Wakubwa waliulaumu umeme, aliyetuuzia akazilaumu diski zetu, na zikabadilishwa diski ambazo hazikuwa na kosa lolote.

Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa akija kwetu kwa mkataba, alifika jioni na kuketi mbele ya skrini bila kuuliza swali. Taa ilikuwa imevuta wadudu wa ziwani kupitia dirisha lisilo na wavu. Walitambaa juu ya kioo kwa wingi kiasi kwamba ilibidi niwafute kwa kiganja ili asome. Alikuwa amewasha perf, chombo kinachoonyesha prosesa inatumia muda wake kwa kazi gani, na orodha yake ilikuwa ikijipanga upya kila baada ya muda mfupi, lakini mstari wa juu haukubadilika: jina refu lililoanza na rwsem, yaani kufuli linalozipanga nyuzi zamu, likila sehemu kubwa ya muda wa prosesa zote. Chini yake ilikuwa kazi ya kujaza sufuri kwenye kurasa za kumbukumbu, yaani vile vipande vidogo ambamo kumbukumbu hugawiwa. Programu yetu yenyewe, ile tuliyojivunia, ilikuwa chini kabisa, na mdudu alikuwa ametua juu ya tarakimu yake.

"Unaona, mwanangu? Viini vyote vina shughuli, na shughuli yenyewe ni kusubiri."

Alichukua karatasi akaniandikia hesabu. Kila picha ya mwangwi ilitumia bafa, yaani eneo la kumbukumbu la kufanyia kazi, ya megabaiti 64, ambayo kwa kurasa za baiti 4,096 ni kurasa 16,384. Ukurasa unapoguswa kwa mara ya kwanza, prosesa huiacha programu na kuiita kerneli, moyo wa mfumo endeshi, ambayo hutafuta nafasi iliyo huru kwenye RAM, huijaza sufuri, huiandika kwenye jedwali la kurasa, kisha huiruhusu programu iendelee. Sisi tulikuwa tukiomba bafa, tukiitumia kwa picha moja, tukiirudisha na kuomba nyingine, kwa hiyo gharama hiyo yote ililipwa upya kwa kila picha. Kugusa ukurasa kulihitaji kufuli la kusoma, ambalo nyuzi nyingi huweza kulishika pamoja. Lakini kuomba au kurudisha bafa kulihitaji kufuli hilohilo kwa kuandika, na hapo mmoja tu hupita.

"Ni kama pale Mwaloni Kirumba wafunge lango la soko zima kila mchuuzi anaposogeza meza yake," alisema, akacheka peke yake.

Dawa haikuchukua muda. Kila uzi ulipewa bafa yake mwanzoni na kuitumia hadi mwisho, na kerneli ikaombwa kurasa za megabaiti 2, zikawa 32 tu kwa kila bafa. Ukomo wa nyuzi nane, uliowekwa wakati wa kubahatisha, ukabaki pale pale kwa sababu hakuna aliyethubutu kugusa kitu kinachofanya kazi.

Linux 6.4, toleo la kerneli yetu lililotoka Juni 2023, ilileta kazi ya Suren Baghdasaryan, ambayo huipa kila sehemu ya ramani ya kumbukumbu kufuli lake, hivyo nyuzi zinazogusa kurasa katika sehemu tofauti hazigombanii tena kufuli moja. Hata hivyo, kuomba na kurudisha sehemu nzima bado kunapitia kufuli kubwa, na sijui kama programu yetu ya awali ingepona kwa kusasisha kerneli peke yake. Pengine ingeumwa kidogo tu kuliko awali, nasi tungeridhika.

Katika taarifa ya robo mwaka ile, ofisi iliandika kwamba tatizo lilikuwa umeme, na kwamba diski mpya zimelitatua.