Jalada Lililonikinga na Madai ya Fidia

Nawaandikia wenzangu wanaotibu magonjwa ya akili, hasa wanaoanza kazi, kwa sababu ushauri niliopewa mimi ulikuwa mbovu na bado unazunguka. Nilipofungua kliniki yangu hapa Moshi, mzee mmoja wa fani hii, ambaye namheshimu kwa mengine yote, aliniambia: "Daktari, andika kidogo. Usichokiandika hakisomwi mahakamani." Sikumfuata, na najivunia hilo.

Mgonjwa alikuwa kijana wa Kibosho niliyemwanzishia kabamazepini kwa ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Ni dawa ya kawaida, lakini kwa watu wachache huleta mzio mkali, mara nyingi katika wiki za mwanzo: homa, vipele, vidonda mdomoni na machoni, kisha ngozi kubabuka, na dawa isiposimamishwa mapema mtu anaweza kufa. Kijana alilazwa, akapona, akabaki na makovu. Muda mrefu baadaye, miaka 3 ambayo sheria yetu inaruhusu kwa madai ya uzembe ikikaribia kwisha, ikaja barua ya wakili. Ilidai kwamba sikumwonya mtu yeyote, na fidia iliyotajwa ingenilazimu niuze kliniki pamoja na kiwanja.

Hapo ndipo mbinu yangu ilipolipa. Zamani nilitumia fomu ya ridhaa yenye lugha ya mikataba, niliyotengenezewa kwa fedha si haba, na ndugu waliitia saini kama wanavyosaini daftari la michango ya harusi, macho yakiwa mlangoni. Nikaiacha. Badala yake, nikimaliza kueleza dawa, namwomba mgonjwa na anayemtunza wanieleze wao watafanya nini mambo yakiharibika, nami naandika maneno yao kama yanavyotoka, bila kuyasanifisha. Katika jalada la kijana huyo, chini ya tarehe na saa, mama yake alikuwa amesema: "Akitoka vipele ama mdomo ukimchubuka, simpi tena hata kimoja, namleta siku hiyo hiyo, hata iwe Jumapili." Mama aliweka saini, kijana naye akaweka yake. Kilichotokea ni kwamba mama alikwenda msibani Rombo, na baba mdogo aliyebaki nyumbani aliendelea kutoa vidonge huku vipele vikienea, akiamini kwamba dawa ya akili haikatizwi. Baba mdogo huyo ndiye aliyesukuma madai.

Siku barua ilipofika, daktari mwingine alinishauri "nilinyooshe" jalada kidogo. Mtu wa namna hiyo msimsikilize hata akinunua chai. Mstari ulioongezwa baadaye huonekana, na ukionekana hata kweli yako yote inatiliwa shaka. Jalada nililifungia kabatini, nakala ikaenda kwa wakili wangu baada ya kijana kuridhia kwa maandishi, na kampuni ya bima ya taaluma nikaijulisha kabla sijamjibu mtu. Baba mdogo alipiga simu mara nyingi. Nilimsalimia kwa adabu na kumwambia kwamba habari za mgonjwa mtu mzima sizizungumzi kwenye simu.

Wakili wangu alinieleza jambo ambalo ningependa lingefundishwa chuoni. Kipimo cha uzembe wa daktari kinachotajwa sana katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza kilitokana na kesi ya mgonjwa wa akili, Bolam, ya mwaka 1957: alivunjika mifupa ya nyonga alipotibiwa kwa umeme bila dawa ya kulegeza misuli, tena bila kuonywa, lakini hospitali ikashinda kwa kuwa baadhi ya madaktari makini walifanya vivyo hivyo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Montgomery, ilikataa kipimo hicho kwa upande wa maonyo: mgonjwa aambiwe hatari ambazo mtu wa hali yake angezijali. Kwa hiyo "wenzangu nao hawaonyi" ni utetezi dhaifu, na ushauri wa yule mzee ungeniacha hata bila huo.

Mawakili walikutana, mama akasomewa maneno yake, akasema ni yake. Madai yaliondolewa. Ada ya wakili iliniuma, ila haikufikia bei ya pikipiki iliyochoka. Kijana bado ni mgonjwa wangu. Anatumia dawa nyingine, na kadi yake ina maandishi mekundu kwamba asipewe kabamazepini popote atakapotibiwa.