Siku Moja Maishani Mwangu: Kupiga Picha Bustani ya Mbweni

Saa 10:30 alfajiri. Usiku wa kuamkia kazi, kamera na lenzi zangu hulala ukumbini, mbali na kiyoyozi. Hewa ya Unguja ina unyevu mwingi, na lenzi iliyotoka kwenye ubaridi ikikutana na joto la nje hufunikwa na mvuke ambao haukauki upesi. Katika kazi hii, muda huo mfupi wa alfajiri una thamani kuliko saa nyingi za mchana.

Saa 11:45. Nimefika Mbweni, kusini ya mji, kwenye bustani inayoteremka hadi ufukweni. Ni mwezi wa Juni. Masika yamekwisha na kila kitu kimestawi. Mzee anayeitunza ameshaamka. Namwamkia, "Shikamoo, Babu," naye anaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha tunaizunguka bustani pamoja kabla sijafungua begi. Tunaondoa mpira wa maji, toroli na ndoo, kwa kuwa jicho la mtu huvisahau vitu hivyo lakini kamera haivisahau. Namwomba asiyafagie maua ya mlangilangi yaliyoanguka njiani, maana ndiyo yanayomwonyesha mtazamaji kwamba juu yake kuna mti. Ushauri wa mtunza bustani naupa uzito kuliko chombo chochote nilichonunua: yeye ndiye ajuaye tawi lipi litachanua leo na lipi limeanza kuchoka.

Saa 12:10 asubuhi. Jua litachomoza karibu saa 12:30, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta hupanda juu kwa kasi, hivyo mwanga laini haudumu. Picha ya kwanza huwa ni ya njia. Wateja wengi hutarajia nianze na maua, lakini ua lililopigwa peke yake lingeweza kuwa limeota popote. Ninachotaka ni kwamba mtu asiyewahi kufika hapa aelewe anasimama wapi, kivuli kinaanzia wapi, na akifuata njia hii atafika kisimani au baharini. Kwa sababu hiyo naishusha tripodi hadi usawa wa magoti, ili rehani zilizo kandokando ya njia ziwe mbele na minazi ibaki nyuma. Nafunga tundu la lenzi hadi f/11 ili vyote viwili vionekane vizuri, naacha ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga, kwenye 100, na kamera inaniomba niache lenzi wazi kwa robo ya sekunde. Kwa kasi hiyo jani likitikisika kidogo tu picha inaharibika, kwa hiyo nasubiri upepo utulie, kidole kikiwa kwenye waya wa kufyatulia. Bahati njema ni kwamba saa hizi kusi haijapata nguvu.

Umande nao unang'aa juu ya majani na kuyafanya yaonekane meupe. Kichujio cha polaraizi, kikizungushwa taratibu mbele ya lenzi, huuondoa mng'ao huo na kuirudisha rangi ya kijani. Sikizungushi hadi mwisho, kwa maana jani lisilo na mng'ao wowote huonekana limekufa.

Saa 3:00. Jua limekuwa kali. Nahamia upande wa pili wa migomba ili mwanga utokee nyuma ya majani, na mishipa yake yote ijitokeze. Nayakinga macho ya lenzi kwa kofia.

Saa 5:30. Huu ndio wakati ambao wapiga picha wengi hufunga mizigo, nami huutumia kivulini. Karibu na kisima yameota maua madogo ya rangi ya waridi, ambayo leo wataalamu huyaita Impatiens walleriana. Mwaka 1882 yalipewa jina la Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, baada ya John Kirk, konseli wa Uingereza hapa, kuyapeleka kwao. Kirk alikuwa na nyumba na bustani yake hapa Mbweni, naye alikuwa mpiga picha: alipiga picha akiwa mmoja wa watu wa msafara wa mpelelezi David Livingstone wa mto Zambezi ulioanza mwaka 1858. Katika zama zile lenzi iliweza kuachwa wazi kwa dakika kadhaa, na sijui mtu angewezaje kuyasubiri majani yatulie kwa muda wote huo. Nayafikiria hayo kwa heshima kubwa ninapopambana na robo ya sekunde yangu.

Chini ya miti mwanga huchujwa na majani, na petali za waridi huchukua ukijani. Naweka kibao cheupe ubavuni mwa maua, napima rangi nyeupe kwa kukitazama, kisha nakiondoa.

Saa 10:30 jioni. Baada ya chakula na mapumziko nairudia njia ile ile ya asubuhi, safari hii nikiwa upande wa juu, bahari ikiwa mwisho wake. Asumini ni mtihani: weupe wake huungua upesi na kupoteza mikunjo yote ya petali, kwa hiyo napunguza mwanga mpaka chati ya kamera inayoonyesha kiasi cha mwanga isiguse ukingo wa kulia, ulio upande wa weupe. Babu anachuma matumba ya asumini kwa ajili ya vikuba, yaani vishada vya maua ya kunukia, nami namwomba ruhusa ya kupiga mikono yake tu. Jua likishazama matumba yaliyobaki yanaanza kufunguka, na weupe wake katika mwanga wa buluu hautaki taa yoyote ya ziada.

Saa 2:30 usiku. Nanakili picha zote mara mbili, kisha naandika maelezo: jina la mmea kwa Kiswahili, jina la kitaalamu, sehemu ya bustani na saa. Rangi ya kijani naigusa kidogo mno, kwa kuwa programu ya kuhariri picha huisukuma upesi kwenye umanjano ambao mimea ya hapa haina. Bibi mwenye bustani atapokea picha zikiwa zimepangwa kwa mwendo wa kutembea, kuanzia langoni, zikifuata njia hadi kisimani, kisha ufukweni, na maua yakitokea pale pale yanapoota.